Jicho la Paka Halingoji



Nitarudia leo jambo ambalo wengine wenu mmelisikia barazani hadi mmelizoea. Mtu mzima harudii maneno kwa kukosa mengine ya kusema. Hurudia kwa sababu anaona yale ya mwanzo hayajafanyiwa kazi. Niliitumikia serikali kama bwana mifugo hadi nikastaafu. Kazi yenyewe ilikuwa ng'ombe na mbuzi, lakini kwa sisi tunaoishi miji ya pwani paka ni jirani wa kila nyumba, na tangu niwe mzee wa kukaa nyumbani hao ndio wanaoletwa kwangu. Wanakuja ndani ya makapu ya ukili, ndani ya maboksi, wengine ndani ya mikoba ya shule. Na wengi wao wana tatizo la macho.

Ninapomtazama mgonjwa huwa nauliza maswali mawili tu. Lilianza lini? Umemtia nini? Kwa la kwanza najibiwa, "Wiki iliyopita, Babu, tulidhani litapoa." Kwa la pili najibiwa, "Matone yaliyobaki ya mama." Majibu hayo mawili, wanangu, yamepofusha paka wengi kuliko maradhi yenyewe ambayo nitawaeleza. Haya mengine yote nitakayosema leo yanarudi hapo: jicho la paka likibadilika, litazame siku hiyo hiyo, lioshe kwa maji safi ya chumvi, usitie kitu kingine chochote, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili linatuhusu. Mmefundishwa madrasa habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie, na adhabu iliyomfika kwa ajili hiyo. Mmefundishwa pia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hadi akanywa, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaozunguka kati yetu. Na Abu Huraira, ambaye Waislamu wamepokea kwake hadithi nyingi mno, alipewa jina hilo kwa sababu ya kipaka alichokuwa akikipenda. Basi ukishamzoesha mnyama kula mkononi mwako na kulala kizingitini kwako, umebeba dhima yake. Jicho lake ni sehemu ya dhima hiyo, kwa sababu hana mkono wa kulioshea wala ulimi wa kulisemea.

Paka huficha maumivu. Mbwa atalia na mbuzi atalalama, lakini paka ataingia chini ya kitanda akae kimya. Usingoje malalamiko, jifunze kumtazama. Mweke mahali penye mwanga wa mchana, uso wake uelekee kwako, ulinganishe jicho na jicho. Je, moja limefumbwa nusu? Linachuruzika machozi upande wa pua? Tongo ni jeupe jepesi, au limekuwa zito, la manjano au la kijani? Mboni mbili ni sawa kwa ukubwa? Kioo cha jicho kinang'aa, au kimefanya ukungu wa samawati? Je, paka anajipangusa kwa mguu mara kwa mara, au anageuza uso ukifungua dirisha?

Tazameni pia ile ngozi nyeupe inayotoka pembe ya jicho, upande wa pua. Hiyo ni ukope wa tatu, na kila paka anao. Akiwa mzima hauonekani sana. Ukijitokeza kwenye jicho moja, jicho hilo huwa linauma. Ukijitokeza kwenye macho yote mawili, mara nyingi ni mwili unaoumwa: homa, kuharisha, minyoo, au kupungukiwa maji. Wapo watu wanaodhani ni utando mbaya wa kukatwa. Tafadhali, asiukate mtu. Ukope huo hulinda jicho na husaidia kutengeneza machozi.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata asubuhi: jicho lililofumbwa kabisa, jicho lililogeuka jeupe au lenye damu ndani, jicho lililovimba likatokeza nje, mboni moja kubwa kuliko nyingine, na paka aliyeanza ghafla kugonga miguu ya viti. Ukiona mojawapo, acha ulichokuwa ukifanya.

Sasa tuingie kwenye maradhi yenyewe, na nianze na watoto wa paka kwa sababu hao ndio huumia zaidi. Yale tunayoyaita mafua ya paka huletwa hasa na virusi vya aina mbili, hepesi ya paka na kalisi, na mara nyingi huchanganyika na bakteria aitwaye klamidia. Hupita kwa chafya, kwa bakuli la chakula, na kwa mikono yetu sisi tunaomshika mgonjwa kisha tukamshika mzima. Hepesi ikishaingia hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, na kwa paka wengi haitoki tena maisha yao yote. Huamka paka anapopata msukosuko: akihamishwa nyumba, akiletewa paka mgeni, akisafirishwa, akinyonyesha. Ndiyo maana jicho lilelile hurudi kuumwa baada ya miezi. Klamidia nayo mara nyingi huanza jicho moja, na baada ya siku chache huhamia la pili. Daktari akiithibitisha, kwa kawaida hutoa dokisisaiklini ya kumeza kwa wiki 4, na huwatibu paka wote wa nyumba hiyo kwa pamoja, maana ukimtibu mmoja wengine watamrudishia. Kidonge hicho kisimezwe kikavu. Kifuatishwe na maji au chakula, kwa sababu kikikwama huliunguza koo la paka hadi likabana.

Mtoto wa paka hufungua macho akiwa na umri wa siku 7 hadi 14. Ukiona kope zimefura kabla ya kufunguka, au zilifunguka kisha zikaganda tena, elewa kwamba usaha umekusanyika nyuma yake na unalila jicho mahali usipoona. Huyo asiachwe kwa kusemwa kwamba bado mdogo. Asipooshwa mapema, ngozi ya ndani ya ukope huweza kugandana na kioo cha jicho, na hapo atabaki na kovu, au chongo, kwa maisha yake yote.

Kuosha si kazi ngumu, lakini ina adabu zake. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe hadi yawe vuguvugu unapoyagusa kwa ndani ya kifundo cha mkono. Nawa mikono kwa sabuni. Mzungushie paka kanga au taulo hadi kichwa tu kibaki nje, mweke pajani akiwa amekupa mgongo, maana ukimjia usoni ataogopa na kupigana. Chovya pamba safi, uiweke juu ya jicho bila kukandamiza, utulie hadi lile gamba lilaini. Usilibandue kavu, litaondoka na ngozi. Likishalainika, pangusa mara moja kuanzia pembe ya pua kwenda nje, kisha tupa pamba hiyo na uchukue nyingine. Jicho la pili nalo lina pamba zake. Watu wengi huchovya pamba ileile mara ya pili kwenye maji, na kwa tendo hilo dogo huhamisha ugonjwa kutoka jicho moja hadi jingine. Maji yaliyobaki yamwage, na kesho utengeneze mengine.

Daktari akikupa mafuta ya macho, vuta ukope wa chini kidogo, weka kiasi cha punje ya mchele, ncha ya tyubu isiguse jicho, kisha mwachie apepese mwenyewe. Akikupa dawa mbili, tanguliza matone, ngoja kama dakika 5, ndipo utie mafuta. Na umalize siku zote ulizoandikiwa. Jicho likionekana zuri siku ya tatu, watu huacha dawa, na siku ya kumi narudishiwa mgonjwa yuleyule.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu matone ya mama. Kioo cha jicho la paka ni chembamba na hukwaruzika upesi: ukucha wa paka mwenzake, mwiba, mchanga, au hepesi yenyewe. Mkwaruzo ukizama huwa kidonda. Daktari akitaka kukiona hutia tone la rangi iitwayo fluoresini, kisha humulika kwa taa ya samawati, na penye kidonda panang'aa kijani. Kipimo hicho ni cha muda mfupi, na ndicho kinachoamua dawa gani itiwe. Kwa nini? Kwa sababu matone mengi yaliyomo kwenye kabati zetu, yale tunayopewa kwa macho kuwasha au baada ya upasuaji, yana dawa za jamii ya steroidi. Soma kwenye chupa: deksamethazoni, betamethazoni, prednizoloni, haidrokotizoni. Dawa hizo huondoa wekundu upesi, na mwenye paka hufurahi. Lakini zikikutana na kidonda, huzuia kufunga kwake na hulegeza kinga iliyokuwa ikipigana na virusi, na kidonda huendelea kuchimba chini. Baada ya siku chache kioo kinatoboka. Nimeona hayo mara nyingi, na kila mara aliyetia dawa alikuwa na mapenzi ya kweli kwa paka wake. Mapenzi bila maarifa yanaweza kupofusha, wanangu.

Na hayo ya limau, tumbaku iliyotafunwa, mkojo, asali, maziwa ya mama anayenyonyesha, nayo tuyaache. Limau huunguza jicho na tumbaku ni sumu. Maziwa na asali havina usafi wa kuingia penye kidonda. Tena paka akiwa na maumivu, asipewe parasetamoli hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kuna upofu mwingine unaotoka kwenye sahani. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, nayo hupatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga, na mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo wake pia hudhoofika. Upofu huo huja taratibu, bila tongo wala wekundu, na sehemu iliyokwisha kufa hairudi. Kwa hiyo paka anayelishwa ugali na mchuzi, au wali na maziwa, au chakula cha mbwa kwa sababu ni rahisi, anapoteza macho yake huku tumbo limejaa. Mpe dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, utumbo wa kuku, nyama kidogo unapoipata. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, basi mmwagie na supu yake, lakini isiwe na vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya paka.

Paka wazee nao wana lao. Paka wa miaka 10 na zaidi akiamka asubuhi haoni, mboni zote mbili zimetanuka na hazisinyai hata penye jua, mara nyingi tatizo ni presha ya damu. Presha hupanda kwa sababu ya figo zilizochoka au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, nayo hubandua pazia la jicho kutoka mahali pake. Namba ya juu ikifika 180 au zaidi, macho, ubongo, moyo na figo viko hatarini sana. Dawa inayotumika zaidi ni amlodipini, hiyohiyo wanayomeza wazee wenzangu, lakini kwa paka ni kipande kidogo sana cha kidonge cha miligramu 5, na daktari pekee ndiye wa kukipima. Wakiwahiwa siku za mwanzo, wengine huona tena kidogo. Akicheleweshwa, pazia halishiki tena. Ukiona paka wako mzee anakunywa maji kuliko zamani na anakonda, usingoje macho yakwambie.

Rangi ya jicho ikibadilika bila jeraha, mfano la manjano likageuka hudhurungi, au likawa na ukungu na mboni ndogo, huenda kuna uvimbe ndani ya jicho. Chanzo chake mara nyingi ni ugonjwa wa mwili mzima, kama ule unaodhoofisha kinga ya paka au kansa ya damu inayoletwa na virusi. Huyo anahitaji kupimwa damu, na matone peke yake hayatamsaidia.

Mwenye paka mweupe namwomba amchunguze kope zake kila wiki. Jua letu ni kali, na ngozi isiyo na rangi haina kinga. Kidonda kidogo kwenye ukingo wa ukope, kwenye pua au kwenye ncha ya sikio, ambacho hupona na kurudi, kinaweza kuwa kansa. Ikikatwa ingali ndogo, paka huishi. Na mwenye shamba bara, paka akitemewa sumu na swila, ammwagie jicho maji mengi kwa dakika 15 au 20 bila kusita, kisha ampeleke. Hapo maji ndiyo dawa ya kwanza, na asipoteze muda wake kutafuta mganga.

Mapema mwaka 2024, macho mekundu yalipovuma Dar es Salaam na pwani ya Kenya, walikuwepo waliowatazama paka wao kwa wasiwasi. Ugonjwa ule uliletwa na virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu. Hepesi ya paka haimwambukizi mwanadamu. Klamidia ya paka huweza kumpata mtu, ingawa ni nadra, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia mgonjwa kunatosha kuwa kinga. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumfukuza mnyama aliye mgonjwa.

Kinga iliyo bora ya mafua ya paka ni chanjo. Mtoto wa paka huanzishwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Haimzuii kabisa kuambukizwa, lakini ugonjwa unapomjia huwa mwepesi na macho husalimika. Tena wahasini. Nyumba yenye paka watatu walioshiba na kuchanjwa ina macho mazima zaidi kuliko nyumba yenye paka ishirini wanaogombea bakuli moja, na madume waliohasiwa hawapigani usiku hadi kung'oana macho.

Najua mtaniambia pesa. Najua, maana naishi mtaa huu huu. Lakini chumvi na maji ya kuchemsha havina gharama kubwa, na ofisi ya mifugo ya wilaya ipo, uliza. Paka wa mtaa asiye na mwenyewe, wachangieni majirani. Jicho lililowahiwa mapema kwa kawaida hutibika kwa tyubu ya mafuta. Jicho lililocheleweshwa linataka upasuaji wa kuling'oa, nao ni ghali zaidi na mnyama ameshateseka.

Na likishapotea, lisiwe sababu ya kumtupa. Watu hubeba paka kipofu usiku wakamwacha soko la samaki, wakidhani wamemfanyia hisani ya chakula. Wamemwacha katikati ya paka shume na magari. Paka aliyeng'olewa jicho akashonwa vizuri hupona na kuruka ukuta kama wenzake. Paka asiyeona kabisa huijua nyumba yake kwa pua, masikio na masharubu. Msihamishe viti ovyo, bakuli lake na sanduku la mchanga vikae palepale, semeni kabla hamjamgusa, na asitoke nje peke yake. Ataishi, na ataishi vizuri.

Wanangu, mimi sina nguvu za kuzunguka mitaa kama zamani. Nyinyi mnazo. Leo mkirudi nyumbani, mchukueni kila mmoja paka wake, mumtazame macho kwenye mwanga wa dirisha. Kisha fungueni kabati, msome majina kwenye chupa za matone, na zile zilizofunguliwa zikabaki, mzitupe. Mwenye paka anayechuruzika machozi asilale kabla hajamwosha, na kesho asubuhi awe mlangoni kwa daktari. Atakayemwelekeza jirani yake naye amepata ujira wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Wabillahi taufiki.